Jinsi ya Kupigana na Mtani Vita vya Ubaoni kwa Mtandao

Mchezo ninaouzungumzia ni Risk, vita vya ubaoni vilivyobuniwa na Mfaransa Albert Lamorisse, mtengenezaji wa filamu, vikatolewa kwao Ufaransa mwaka 1957, na ambavyo siku hizi huchezwa kwa simu au kompyuta bila kuhitaji ubao wala kisanduku cha kete. Mimi niko Tanga, Ngamiani. Mpinzani wangu yuko Bagamoyo. Tulikulia mtaa mmoja, yeye akaishika African Sports na mimi nikawa wa Coastal Union, timu mbili za mpira za Tanga, kwa hiyo utani wetu ni wa tangu utotoni na hauhitaji programu yoyote ya kuuchochea. Maelezo haya yanamfaa mtu mwenye mtani wa namna hiyo anayetaka wapambane wawili peke yao, kwa sababu mchezo wa wawili una hesabu zake, na aliyezoea kucheza na kundi la watu watano au sita huzikosa.

Kabla ya kufungua mchezo, pigianeni simu mkubaliane. Jambo la kwanza ni muda wa zamu. Mkiwa na saa mbili za pamoja baada ya isha, zamu ya dakika chache inatosha. Lakini kama mmoja hurudi kazini usiku na mwingine huamka alfajiri, chagueni programu inayoruhusu zamu ya siku nzima, ambapo kila mmoja hucheza anapopata nafasi na mchezo mmoja huweza kuchukua wiki mbili. Jambo la pili ni dadu, kwani baadhi ya programu hutoa dadu za bahati tupu na pia dadu zilizosawazishwa ili matokeo ya ajabu yapungue. Mimi hupendelea bahati tupu, mtani wangu hapendi, nasi hupokezana mchezo kwa mchezo. Jambo la tatu ni adhabu ya atakayeshindwa. Kwetu haihusu fedha hata senti moja: aliyeshindwa huweka nembo ya timu ya mwenzake kwenye picha yake ya WhatsApp kwa siku saba, na anayejua Tanga ataelewa kwamba hiyo si adhabu ndogo.

Katika kanuni za asili za mchezo wa wawili, maeneo 42 ya ramani hugawanywa mafungu matatu ya maeneo 14: fungu lako, la mpinzani, na la jeshi lisilo na upande. Jeshi hili la tatu halishambulii wala haliongezewi askari, lakini hujilinda likishambuliwa, na mpinzani wako ndiye anayelitupia dadu. Ikiwa programu yenu inatoa nafasi ya kuliweka, liwekeni, kwa kuwa bila hilo ramani huwa uwanja mtupu na anayeanza hupata nafuu kubwa mno. Wageni wengi hulipuuza jeshi hili. Mchezaji mzuri huligeuza ukuta: eneo lenye askari wanne wasio na upande kati yako na adui ni mlango uliofungwa bila wewe kuajiri mlinzi, na kulivunja mapema ni kumfungulia mwenzako njia.

Hesabu ya askari wapya ni rahisi, lakini ina kona zake. Kila zamu unagawa idadi ya maeneo yako kwa tatu, unaacha baki, na hupewi chini ya askari watatu. Ukiwa na maeneo 14 unapata wanne. Ukiongeza eneo moja tu, ukafika 15, unapata watano. Vivyo hivyo, mpinzani mwenye maeneo 12 ukimnyang'anya moja hushuka kutoka wanne hadi watatu, ilhali mwenye 14 ukimnyang'anya moja au hata mawili hapotezi chochote katika mgawo wake. Kwa hiyo hesabu maeneo yake kabla ya kushambulia. Mara nyingi eneo moja dogo lililosahaulika pembezoni lina thamani kuliko vita vikubwa vya katikati.

Sasa tuje kwenye dadu, ambazo ndizo zinazovunja moyo watu wetu wengi. Aliyelelewa kwenye bao na drafti amezoea kwamba akishindwa ni kwa kosa lake au ujanja wa mwenzake. Hakuna bahati inayoingia katikati. Anapokutana na dadu hukasirika, na hasira humfanya aendelee kutupa. Kanuni ni hizi: anayeshambulia hutupa dadu hadi tatu, anayejilinda hadi mbili, dadu kubwa hupambanishwa na kubwa, ya pili na ya pili, na zikilingana mlinzi ndiye mshindi. Kwa kuwa lazima askari mmoja abaki nyuma, huwezi kutupa dadu tatu bila kuwa na askari wanne katika eneo lako. Tatu zikikutana na mbili, mlinzi hupoteza askari wawili katika takriban asilimia 37 ya mitupo, mshambuliaji hupoteza wawili katika asilimia 29, na zilizobaki kila mmoja hupoteza mmoja. Hiyo ni nafuu ndogo kwa anayeshambulia, lakini majeshi yanapokuwa makubwa nafuu hiyo hujikusanya. Dadu tatu zikikutana na moja, mshambuliaji hushinda karibu mara 66 katika 100. Lakini mbili zikikutana na mbili, mlinzi ndiye mwenye nafuu: mshambuliaji hupoteza wote wawili katika karibu asilimia 45 ya mitupo. Kwa ufupi, ukishapungukiwa dadu ya tatu na adui bado ana askari wawili au zaidi, acha.

Nieleze nilivyolijua hilo. Usiku mmoja nilikuwa na askari tisa Siam, yeye akiwa na watatu Indonesia. Nikatupa sita, nne na mbili. Yeye akapata sita na tano. Nikapoteza wawili. Nikatupa tena: tano, tano na moja, dhidi ya tano na mbili zake; kila mmoja akapoteza mmoja, nikabaki na sita dhidi ya wawili. Hapo mtu mwenye akili angetulia. Nikatupa nne, tatu na tatu. Zikakutana na tano na tatu. Wanne dhidi ya wawili. Nikatupa mara ya nne huku nimesimama, kana kwamba kusimama kunazipa dadu nguvu, nikabaki na askari wawili Siam, na mlango wangu wa Asia uko wazi. Ujumbe ukaingia mara moja: «Mtani, kalale.»

Tangu siku hiyo naandika kiwango changu cha kusimama kwenye karatasi kabla ya mtupo wa kwanza. Nikianza na tisa, nikifika sita nasimama, hata kama roho inaniambia kwamba mtupo unaofuata ndio wenyewe. Dadu hazikumbuki mtupo uliopita.

Kuhusu mabara, Australia ina maeneo manne na mlango mmoja tu, nayo hukupa askari wawili wa ziada kila zamu. Amerika Kusini nayo ina maeneo manne na hutoa wawili, lakini ina milango miwili. Afrika hutoa watatu kwa maeneo sita. Nawaonya ndugu zangu wa pwani: katika ramani hii Afrika Mashariki yetu yote ni eneo moja lenye majirani sita, yaani Misri, Afrika Kaskazini, Kongo, Afrika Kusini, Madagaska na Mashariki ya Kati. Kuipenda ni jambo moja na kuilinda ni jambo jingine. Asia na Ulaya ziache, isipokuwa mchezo umeshaelemea upande wako.

Kadi hupatikana moja tu kwa zamu, na kwa sharti kwamba umeteka angalau eneo moja, kwa hiyo jitahidi kila zamu uteke kitu, hata kidogo. Seti, yaani kadi tatu zinazobadilishwa kwa askari, ikiwa ya kwanza hutoa askari 4, kisha 6, 8, 10, 12, 15, na baada ya hapo huongezeka tano tano. Mfululizo huo ni wa mezani, si wa kila mchezaji. Ukiwahi kubadilisha kwa wanne, umempandishia mwenzako bei hadi sita. Basi usiwe na pupa, ila kumbuka kwamba ukifikisha kadi tano unalazimika kubadilisha upende usipende.

Mwisho wa zamu unaruhusiwa kuhamisha askari mara moja, kutoka eneo moja kwenda jingine. Hapa historia ya mji wetu inafundisha vizuri. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Waingereza, HMS Fox, ilifika Tanga, na nahodha wake akawaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutoushambulia mji yamefutwa. Waingereza walikuwa na askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, nao wakaanza kushuka Ras Kazone bila haraka. Wajerumani mjini walikuwa wachache sana. Lakini kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na reli, akateremsha vikosi kwa treni kutoka upande wa Moshi, na shambulio kubwa lilipokuja tarehe 4 alikuwa na askari wapatao 1,000 waliokwisha kujipanga. Nyuki waliotibuliwa mizingani wakamalizia kazi, na tarehe 5 wavamizi wakarudi melini.

Toa mambo mawili hapo. Weka akiba yako mahali ambapo uhamisho mmoja unaifikisha kwenye mlango wowote kati ya miwili unayoilinda, kama treni ilivyokuwa. Usiigawe nusu kwa nusu ukabaki dhaifu kote. La pili ni kufunga mdomo. Kisanduku cha ujumbe ndani ya mchezo kimewekwa kwa utani, na utani una tabia ya kuvujisha siri: ukimwandikia mtani «subiri uone kesho huko Brazili», umeshafanya kazi ya yule nahodha. Zungumzia mpira au bei ya samaki, lakini jina la eneo lisitoke.

Lipo bado suala la umeme na bando. Programu nyingi, mchezaji akikatikiwa na mtandao au akipitiwa na zamu, hukabidhi majeshi yake kwa kompyuta. Liliwahi kunipata: umeme ulikatika Ngamiani simu ikiwa na chaji ya asilimia tatu, na niliporudi hewani nilikuta kompyuta imewatupa askari wangu kumi juu ya jeshi lisilo na upande ambalo nilikuwa nalitunza kama ukuta. Mtani akaandika kwamba hiyo kompyuta inacheza vizuri kuliko mimi. Tulibishana, kisha tukaweka sharti: anayekatikiwa atume ujumbe wa kawaida wa simu, usiohitaji intaneti, wenye neno moja, «giza». Aliyebaki hewani basi hucheza zamu yake bila kushambulia, anaongeza askari tu, hadi mwenzake arudi au saa 24 zipite. Programu haijui sharti hili wala haiwezi kulisimamia. Linasimama kwa neno la mtu, na katika michezo yetu yote limevunjwa mara moja tu, nami ndiye niliyelivunja, nikavaa nembo ya African Sports wiki mbili badala ya moja.

Mkimaliza, abadilishwe anayeanza. Mchezo unaofuata, aliyeanza wa pili aanze wa kwanza, hata kama ndiye aliyeshinda.