"Nataka" kwa Kikorea: shika 고 싶어요, weka 원해요 pembeni

Nilipofika Busan nilikuwa nimekariri kwamba "kutaka" ni 원하다 (wonhada). Siku ya pili nikaingia kigahawa cha meza tano, nikamwambia mama aliyekuwa anapika: 물을 원해요. Akacheka, akaninyooshea kidole ukutani, palipobandikwa karatasi: 물은 셀프. Yaani maji jichotee mwenyewe. Sentensi yangu haikuwa na kosa la sarufi. Ila ni kama mtu aingie kwa mama ntilie, asimame wima na kutamka, "Nayahitaji maji." Hakuna anayeongea hivyo.

Nachukulia kwamba Hangul, maandishi ya Kikorea, unaisoma, hata kwa kusuasua. Kama bado, ipe wiki moja kwanza. Ni herufi 24 tu. Matamshi niliyoandika kwa herufi zetu hapa na pale ni mkongojo, usiuzoee.

Hatua ya 1: Kata 다, unganisha 고 싶어요

Kitenzi cha Kikorea kwenye kamusi huishia na 다. Iondoe, kinachobaki ni mzizi. Ongeza 고 싶어요, umeshasema "nataka ku-":

가다 (kwenda) → 가고 싶어요, nataka kwenda
자다 (kulala) → 자고 싶어요, nataka kulala
먹다 (kula) → 먹고 싶어요, nataka kula
배우다 (kujifunza) → 배우고 싶어요, nataka kujifunza

Hapa Kikorea kimetuhurumia. Viambishi vingine vingi vya lugha hii hubadilika kutegemea irabu au konsonanti ya mwisho ya mzizi, lakini 고 haibadiliki kamwe. Wala hakuna ni-, u-, a-. Nani anataka, muktadha ndio unaosema. Ukipandisha sauti mwishoni, 가고 싶어요? inakuwa "unataka kwenda?"

Sasa matamshi, maana wengi hukwama hapa. 싶 peke yake inaonekana kama "sip", lakini s mbele ya i hutamkwa karibu na sh, na ile ㅍ ya chini huruka kwenda kwenye irabu inayofuata: shi-po-yo. P yake ina pumzi. Kama umekulia Mombasa una bahati, ni p ya paa yule mnyama, siyo ya paa la nyumba. "O" yake nayo iwe wazi zaidi ya o yetu, midomo isijikunje. Na 먹고 usiseme "mokgo", sema mok-ko.

Hatua ya 2: Kitu kitangulie

Sisi tunasema "nataka kunywa kahawa". Mkorea anaanza na kahawa, kisha kunywa, kutaka mwishoni: 커피를 마시고 싶어요. Neno likiishia na irabu linachukua 를, likiishia na konsonanti linachukua 을, kama 밥을 먹고 싶어요 (nataka kula wali). Kwenye mazungumzo 을/를 huangushwa mara nyingi, kwa hiyo usikae kimya dakika nzima unaitafuta.

Kuna kitenzi kimoja cha kuangalia: 되다, kuwa. "Nataka kuwa daktari" ni 의사가 되고 싶어요, kwa 가, siyo 를. Kingine ni 보다, kuona. 보고 싶어요 ni "nataka kuona", lakini ukimwambia mtu, anasikia "nimekukumbuka, nina hamu nawe". Mwambie bibi yako. Bosi wako mwache.

Kukanusha: 가고 싶지 않아요, au kwa mdomo zaidi 안 가고 싶어요. Wakati uliopita: 가고 싶었어요. Kwa rafiki wa rika lako acha 요, baki na 싶어. Kwenye usaili wa kazi sema 싶습니다. Na ukimuuliza mkubwa anataka kula nini, hata kitenzi cha kula kinabadilika: 뭐 드시고 싶으세요?

Hatua ya 3: Ya moyoni mwa mwingine huyajui

고 싶다 haifanani sana na "kutaka" yetu. Inakaribia "kuwa na hamu", jambo la ndani ya mtu. Na Kikorea hakikuruhusu kutangaza ya ndani ya mtu mwingine kana kwamba umeingia humo. Ukimzungumzia rafiki yako, ongeza 하다 (kufanya), ambayo hapa inageuka 해요: 친구가 집에 가고 싶어 해요, rafiki yangu anataka kwenda nyumbani. Maana yake hasa ni kwamba anaonyesha hamu hiyo, wewe unaiona kwa nje. Kama alikuambia mwenyewe, kuna njia tamu zaidi: 가고 싶대요, "anasema anataka kwenda".

Hatua ya 4: "Nataka mama aje"

Hapa Kiswahili kinatuponza. Kwetu "nataka kuja" na "nataka mama aje" zote zinabebwa na taka ileile, unabadilisha tu kitenzi cha pili. Mwanafunzi akiandika 엄마가 오고 싶어요 akidhani amesema "nataka mama aje", amekosea: hapo ameweka hamu ya kuja kwa mama, tena bila ile 하다 ya hatua ya 3. 고 싶다 ni ya kitendo cha yule yule mwenye hamu.

Ukitaka mwingine afanye jambo, au jambo litokee lenyewe, tumia 았으면/었으면 좋겠어요:

엄마가 왔으면 좋겠어요, natamani mama aje
비가 왔으면 좋겠어요, natamani mvua inyeshe

Usiikariri kama mlolongo wa silabi. Ifungue: 왔 ni "alikuja", 으면 ni "kama", 좋겠어요 ni "itakuwa vizuri". Mama angekuja, ingekuwa vizuri. Hiyo ni -nge- yetu kabisa, na ukishaiona hivyo inakaa kichwani bila kulazimishwa.

Hatua ya 5: Vitu, na kurudi kwa yule mama

고 싶어요 hushika vitenzi tu. Huwezi kuibandika kwenye nomino ukasema "nataka simu". Kama unakitamani kitu kiwe chako, tumia 갖다, kuwa na: 새 핸드폰을 갖고 싶어요, natamani simu mpya. 원하다 utakutana nayo kwenye nyimbo, matangazo na fomu, na hapo ni sahihi. Mezani ndipo haikai.

Mezani, jiulize Dar ungesemaje. Ungesema "naomba". Kikorea nacho ni hivyo hivyo: taja kitu, weka 주세요, nipe kwa heshima. 물 주세요. Ukitaka kulainisha zaidi, chomeka 좀 katikati: 물 좀 주세요. Hiyo 좀 ni ufupisho wa 조금, "kidogo", na kazi yake ni ile ya "kidogo" kwenye "naomba maji kidogo". Haipunguzi maji, inapunguza ukali.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye kile kigahawa. Maji nilijichotea bila kuambiwa. Kisha nikamwita kama nilivyosikia wateja wengine wakimwita, 이모, mama mdogo, nikasema: 김치 좀 더 주세요, naomba kimchi (kabichi yao ya kuchachushwa) kidogo zaidi. Akaleta kisahani kimejaa, akaniuliza nimetoka nchi gani.