Kuhamia Berlin kusoma: anza na anwani

Wadogo zetu ninaowapokea hapa Berlin hukwama palepale: wamepata chumba, lakini mwenye nyumba hataki wajiandikishe serikalini kwa anwani hiyo. Bila kuandikishwa, mengine yote yanasimama. Kwa hiyo fuata mpangilio huu.

1. Pesa. Kwa viza, njia ya kawaida ni akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto: euro 11,904 kwa mwaka, unazotoa 992 kila mwezi. Hazifiki mkononi siku unayotua, maana kwanza ufungue akaunti ya kawaida ya benki. Njoo na akiba nyingine ya kodi, amana na chakula cha mwezi wa kwanza.

2. Chumba. Omba bweni la studierendenWERK, shirika la huduma za wanafunzi, mara tu upatapo barua ya udahili, kwani foleni ni ndefu. Wakati unasubiri, tafuta WG, yaani nyumba mnayochangia na wenzako. Kabla ya kuuliza bei, uliza: “Anmeldung (kujiandikisha kwa anwani hii) inawezekana?” Wakisema hapana, achana nacho, hata kiwe rahisi vipi. Kisha uliza kama bei waliyokutajia ni Kaltmiete (kodi tupu) au Warmmiete (pamoja na joto na maji). Amana kisheria haizidi kodi tupu ya miezi 3, na una haki ya kuilipa kwa awamu 3. Anayedai yuko safarini na atakutumia funguo kwa posta ukishalipa ni tapeli. Usimtumie hata senti.

3. Kujiandikisha. Una siku 14 tangu kuhamia. Beba pasipoti, fomu, na Wohnungsgeberbestätigung, karatasi anayosaini mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia. Mkataba wa kupanga hauchukui nafasi yake. Miadi unaweza kuchukua Bürgeramt (ofisi ya huduma za wakazi) yoyote ya Berlin, si ya mtaa wako tu. Zikiwa zimejaa, rudi kuangalia kila mara, kwa sababu nafasi za walioahirisha hurudishwa.

4. Jina kwenye sanduku la barua. Hili hakuna aliyeniambia. Kwetu barua inakwenda kwa sanduku la posta. Hapa tarishi anasoma majina mlangoni, na nyumba nyingi hazina namba za vyumba. Kadi yangu ya benki ilirudishwa ilikotoka, nikakaa wiki 3 nikiazima nauli. Bandika jina lako siku hiyohiyo unayoingia, hata kwa karatasi na gundi, kwa sababu namba ya mlipakodi na kadi ya bima pia huja kwa njia hiyo.

5. Kibali cha ukaazi. Omba kabla viza haijaisha. Ukitafuta kibarua, hesabu siku unazoruhusiwa kufanya kazi: 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280.

Barua ya ada ya redio na televisheni ikija, usiitupe. Ni euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima, si kwa kila mtu. Waulize wenzako nani tayari analipa, umpe fungu lako.