Namna ya Kumwandikia Mtangazaji wa Hali ya Hewa Maoni Yanayoweza Kufanyiwa Kazi

Kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, wakazi wa Dar es Salaam huwa na mengi ya kusema kuhusu utabiri waliouona kwenye televisheni, na sehemu kubwa ya maneno hayo huishia kuwa lawama tupu. Anayeandika "mlisema mvua, mbona jua linawaka?" hajampa mtangazaji chochote cha kupeleka kwa wataalamu, kwa kuwa hajasema kama yuko Bunju au Chanika, wala hajataja taarifa aliyoitazama ilikuwa ya saa ngapi. Maoni yanayofaa hutaja mahali, saa na kile ambacho mwandishi amekiona mwenyewe.

Kabla ya kuandika, tenganisha kazi ya anayetabiri na kazi ya anayetangaza. Utabiri rasmi nchini hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya Wakala wa Hali ya Hewa. Kituo cha televisheni huufikisha utabiri huo kwa watazamaji. Kwa hiyo, kama ramani iliondolewa kabla hujamaliza kuisoma, kama maandishi yalikuwa madogo, au kama majina ya mikoa yalisomwa kwa haraka kiasi kwamba hukusikia wa kwako, hayo ni ya kituo na mtangazaji wake. Kama mvua iliyotabiriwa haikunyesha, au upepo ambao haukutajwa ulivuma, hoja hiyo ni ya watabiri, na mtangazaji utakuwa unamwomba tu aifikishe.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ni kurudia maneno yenyewe ya taarifa. Lugha ya utabiri ina vipimo ndani yake. Ikisemwa kwamba kutakuwa na mvua katika "maeneo machache" ya ukanda wa pwani ya kaskazini, ukanda huo unabeba Dar es Salaam, Pwani, Tanga na hata visiwa vya Unguja na Pemba, hivyo Mbagala kubaki kukavu siku hiyo si ushahidi kwamba utabiri umekosewa. Mvua za jiji hili mara nyingi hushuka kwa mapande, na si ajabu Tegeta kuloa huku Gongo la Mboto vumbi likitimka. Vilevile "mvua kubwa" katika taarifa za Mamlaka ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na "angalizo" ni ngazi ya chini kuliko "tahadhari". Mtazamaji anayeyajua haya ataandika hoja yenye uzito, na pengine atagundua kwamba kilichomsumbua ni kutofafanuliwa kwa maneno hayo hewani. Hilo nalo ni oni zuri sana, kwa sababu taarifa sahihi isiyoeleweka haimsaidii mkazi wa bonde la Msimbazi ambaye anatakiwa kuamua usiku huohuo kama atahamisha watoto na vyombo.

Ukiweza, pima. Chombo chenye kitako bapa na kuta zilizonyooka, kikiwekwa uwanjani mbali na mapaa na miti, pamoja na rula ya shule, vinatosha kukupa makadirio ya kina cha maji kwa milimita. Kila milimita moja ni sawa na lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Soma saa 3 asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa ambayo vituo vya hali ya hewa husoma mvua ya saa 24 zilizopita, na kipimo chako kitaweza kulinganishwa na chao. Usikiite kipimo hicho rasmi. Eleza tu ulivyokipata. Kwa picha, hakikisha umeipiga mwenyewe, ukiwa mahali salama, na utaje siku na mtaa, maana picha za miaka iliyopita za Jangwani iliyofurika zinaweza kusambazwa tena kama za leo na kuwapotosha hata watu makini.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi na wenye heshima. Mfano ni huu: "Ndugu mtangazaji, habari za kazi. Mimi ni mvuvi wa Kunduchi. Katika taarifa yenu ya jana saa 2 usiku mlionya kuhusu upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, lakini hamkusema utaanza saa ngapi. Sisi huingia baharini alfajiri. Leo bahari ilikuwa shwari hadi kama saa 5 asubuhi, ndipo kusi ikaanza kuvuma kwa nguvu. Tunaomba, pale watabiri wanapoijua saa, itajwe pia hewani. Asante." Ujumbe huo unaeleza uamuzi ambao mtazamaji alitakiwa kuufanya na taarifa aliyoikosa, na mhariri yeyote anaweza kuufanyia kazi siku hiyohiyo. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, mahitaji ya wananchi yalikuwa ya aina hiyo: ni pwani ipi itakayoguswa, na ni wakati gani.

Mwili, mavazi na nywele za mtangazaji si maoni kuhusu hali ya hewa. Watangazaji wa kike hasa huandikiwa maneno ambayo hakuna mtu angekubali aandikiwe dada yake, na ujumbe wa maana unaweza kupotea katikati ya hayo. Lakini kama mtangazaji alisimama mbele ya ramani akaificha Kigamboni, au mkalimani wa lugha ya alama alifunikwa na maandishi, hilo linahusu kazi na linastahili kuandikwa.

Tuma kwa njia ambayo kituo chenyewe kimeitangaza, na uandike siku hiyohiyo ukiwa bado unakumbuka maneno. Sifia pia, kwa usahihi uleule: mama anayeanika dagaa ambaye aliwahi kuwafunika kwa sababu ya taarifa ya asubuhi aseme hivyo, ili mtangazaji ajue ni sentensi ipi iliyofanya kazi. Hoja ya utabiri ipeleke na kwa Mamlaka moja kwa moja. Usipojibiwa, andika tena ukirejea tarehe ya ujumbe wa kwanza. Na kama lalamiko ni la maudhui yaliyokiuka maadili ya utangazaji, lianzie kituoni, kisha lipelekwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania pamoja na nakala ya ulichoandika.