"Dog-eat-dog": usiongeze s

Wiki hii nimesahihisha insha za kidato cha nne hapa Mbeya, na kosa moja limeniuma kwa sababu limefanywa na wanafunzi wanaoijua sarufi. Wameandika "dog eats dog" badala ya "dog eat dog", nahau ya Kiingereza ya ushindani usio na huruma.

Hatua ya kwanza: kiache kitenzi kilivyo. Ni kweli tunawafundisha kwamba nafsi ya tatu umoja hudai s. Lakini hii ni nahau iliyokwisha kuganda, haipokei s wala wingi. Zamani Waingereza walikuwa na methali kwamba mbwa hamli mbwa mwenzake, na Warumi waliisema kabla yao kwa Kilatini. Nahau hii imeipindua: mambo yameharibika hadi mbwa anamla mbwa. Ukilishika hilo hutaitumia ovyo.

Hatua ya pili: vistari. Ikitangulia nomino weka viwili: "a dog-eat-dog business". Ikisimama yenyewe, wengi huviacha: "At the bus stand, it's dog eat dog."

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kubwa: jiulize kama huruma imekwisha. Madalali wa viazi Uyole wakigombea mzigo wa mkulima hadi mmoja anamzushia mwenzake wizi wa mizani, hapo inafaa. Mbeya City na Tanzania Prisons wakikutana Uwanja wa Sokoine, haifai. Ushindani ni mkali, lakini kuna mwamuzi, kuna dakika 90, kisha wachezaji wanapeana mikono. Hapo andika "fierce rivalry".

Maswali ya wanakikundi

Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Nimeona "doggy dog world". Ni Kiingereza cha Marekani?

Marahaba. Hapana, ni kosa la sikio. Ukiitamka nahau haraka ndivyo inavyosikika, na hata wenye lugha yao hukosea hapo.

Mafinga: Naweza kuitumia kwenye barua ya kuomba kazi?

Usithubutu. Utakuwa unamwambia mwajiri kwamba watu wake hawana utu. "Highly competitive" inatosha.

Iringa: Kwa Kiswahili tuseme "mbwa kala mbwa"?

Hapana, msomaji hatakuelewa. "Mwenye nguvu mpishe" inakaribia, ila ile inamshauri mnyonge akae pembeni, na kwenye nahau hii hakuna anayempisha mwenzake. Mimi huandika "wanamalizana wenyewe kwa wenyewe".