Siku nzima kwenye maonyesho ya ndege za kivita: usitafute ndege kwa masikio

Mara ya kwanza nilipoenda kuangalia ndege za jeshi zikifanya maonyesho niliambulia moshi tu. Yani kila nikigeuza kichwa kule mlio unakotoka, jeti ishapita zamani, nabaki nakodolea anga tupu huku watu pembeni wanashangilia kitu ambacho mi sijakiona. Nikajua macho yangu ndo mabovu, kumbe ni hesabu ndogo tu. Sauti inakimbia kama mita 340 kwa sekunde, na jeti inayopita kwa kilomita 1,000 kwa saa inakula karibu mita 280 kila sekunde, sasa kama iko kilomita moja kutoka uliposimama mlio unachukua sekunde 3 hivi kukufikia, na ndani ya hizo sekunde ndege ishasogea mita 800 na ushee. Kwa hiyo ukisikia ngurumo, macho yapeleke mbele kabisa ya mlio, kule ndege inakoelekea. Ukishalizoea hilo utaona vitu ambavyo jirani yako hatoviona siku nzima.

Na marubani wanaijua sana hiyo tabia yetu. Blue Angels, kile kikosi cha jeshi la majini la Marekani, wanaruka ndege 6, na wana mchezo wa kuwaonyesha 4 zikiwa zimebanana vizuri upande mmoja, mnaangalia wote midomo wazi, kumbe moja ya zile 2 zilizobaki inakuja chini chini kutoka upande mwingine kabisa, haina mlio wowote, inapita ndo ngurumo inafuata kama geti la chuma limebamizwa sikioni. Mi nilimwaga chupa nzima ya maji kifuani. Dawa yake: wakikutangazia sana uangalie kulia, jicho moja liibie kushoto.

Sasa tuanze na maandalizi. Tiketi na ramani viweke kwenye simu ukiwa bado nyumbani, maana pale watu ni maelfu kwa maelfu na mtandao unakufa kabla hata ya saa sita mchana. Mkiwa kundi mkubaliane sehemu ya kukutana mkipotezana, na isiwe "pale kwenye ndege kubwa", ndege kubwa zitakuwa nyingi. Mtoto muandikie namba ya simu mkononi kwa kalamu. Soma masharti ya mabegi ya eneo husika maana kila kambi ina yake, ila droni acha nyumbani, hiyo haina mjadala popote pale.

Halafu fungua ramani uangalie ranwei, ile njia ya kurukia ndege, imelala vipi na jua litakuwa wapi. Watu wengi hili hawalifikirii kabisa. Ukikaa jua likiwa usoni kwako, ndege zote utaziona nyeusi kama kunguru na macho yatauma mpaka kesho yake. Tafuta sehemu ambayo jua litakuwa mgongoni kwako mchana, kwa sababu maonyesho ya angani mara nyingi ndo yanakolea mchana. Katikati ya uwanja ndo wanakogombania wote kwa vile michezo imepangwa ikutane pale, lakini mi napenda pembeni kule ndege zinakoanzia kupaa, unaiona inasimama, inanguruma, mwali wa moto unatoka nyuma, kifua chako kinatetemeka kama umeegemea spika. Ule moto ni mafuta yanayomiminwa tena nyuma ya injini yakawakie humo humo, jeti inapata nguvu ya ziada na wewe unapata kizunguzungu.

Ndo maana masikio sio jambo la mzaha. Watu wanakumbuka kofia wanasahau masikio. Nunua vile vizibo vya povu, na uvivae sawa sawa, sio kuchomeka tu nje nje kama watu wengi wanavyofanya: kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba, mkono mwingine upitishe nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma kidogo, kiingize, halafu kishikilie kwa kidole kama sekunde 30 kikitanuka. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito kama unaongea ndani ya pipa, kimekaa. Watoto wadogo wavalishe vile vikubwa vya kufunika sikio lote, na uwavalishe kabla jeti ya kwanza haijawashwa, maana mtoto akishashtuka akalia siku yenu imeishia hapo.

Fika mapema, geti likifunguliwa uwepo. Asubuhi ndo muda wa zile ndege zilizopaki chini, foleni ya kupanda ngazi kuchungulia chumba cha rubani bado fupi, na wanajeshi wenyewe hawajachoka kujibu maswali. Waulize! Usiulize "inakimbia kasi gani", hilo wameulizwa mara mia, muulize fundi kitu gani kinamsumbua zaidi kwenye hiyo ndege, hapo utakaa dakika 20 unasikiliza. Chungulia na chini ya ndege za zamani uone vile visinia vya kukingia mafuta yanayodondoka, tone, tone. Mchana jua likiwaka utaona familia nzima zimejibanza chini ya bawa la ndege ya mizigo na zinahama kidogo kidogo kivuli kinavyohama. Na wewe jipake losheni ya jua hadi chini ya kidevu, si unashinda umeinua uso, na sakafu ile ya zege inarudisha jua kutoka chini. Mi niliungua shingo kwa mbele, mtu mweusi hivi hivi, nilikuwa sijui kama inawezekana.

Kingine, kofia yako ifunge na mfuko wa plastiki ukunje uweke ndani. Injini ya jeti inavuta hewa kwa nguvu, na kitu kidogo tu kikiingia mle kinaweza kuharibu mapanga ya ndani. Ukiwahi unaweza kuwaona askari wamejipanga mstari mmoja wanatembea taratibu wameinamisha vichwa, wanaokota vijiwe na misumari sehemu ndege zinapopita. Sio usafi wa mazingira ule.

Mawingu yasikukatishe tamaa. Marubani wanakuja na programu zaidi ya moja: anga ikiwa safi wanapanda juu kabisa na kupinduka, mawingu yakishuka wanafanya ya chini chini, na yakishuka zaidi wanapita kwa kukunja kona tu. Na siku yenye unyevu mi nafurahi kabisa, kwa sababu jeti ikikunja kona kali mgandamizo wa hewa juu ya bawa unashuka, hewa inapoa ghafla, unyevu unageuka ukungu mweupe unaivika ndege kama shuka. Pembeni yako lazima atatokea mjuaji aseme imevunja kizuizi cha sauti. Haijavunja kitu, kwenye maonyesho ya hadhara kawaida wanakaa chini ya kasi ya sauti, ingevuka kweli mngeusikia mshindo wa kupasua vioo. Zile rangi za moshi nazo, mfano nyekundu, nyeupe na bluu za Red Arrows wa Uingereza, ni dizeli inayomwagwa kwenye joto la nyuma ya injini, nyeupe ni dizeli tupu, nyekundu na bluu zimechanganywa na rangi.

Utasikia pia watu wanalalamika kwamba ndege ziko mbali au hazipiti juu yetu. Acha ziwe mbali. Tarehe 28 Agosti 1988 pale Ramstein, Ujerumani, ndege za kikosi cha Italia ziligongana angani na mojawapo ikaangukia watazamaji, wakafa watu 70. Baada ya hapo sheria zilikazwa sehemu nyingi, sasa kuna mstari ambao rubani havuki kuja upande wenu.

Picha: kama una simu tu, chukua video ya ndege inavyopaa halafu rudisha simu mfukoni, jeti ya angani kwenye simu ni nzi kwenye shuka la bluu. Mwenye kamera na lenzi ndefu, jeti piga kwa kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde au haraka zaidi, ila ndege ya panga au helikopta shusha mpaka 1/200, hata 1/125 ukiweza, la sivyo panga litaganda na picha itaonekana kama mdoli uliotundikwa kwa uzi. Miguu usiihamishe, zungusha kiuno ukiifuata, na endelea kuzunguka hata baada ya kubonyeza.

Kuondoka sasa. Ukitoka dakika 10 kabla ya mwisho utakutana na wenzako elfu waliowaza hivyo hivyo, mtakaa kwenye magari mkisikia shangwe za lile onyesho la mwisho mnalolikosa. Mi nabaki, natandika kitambaa, nakaa saa nzima mpaka foleni ilainike. Ila asubuhi ukipaki piga picha ya mstari na nguzo iliyo karibu, mi nimewahi kulizunguka shamba zima la kupaki magari na tochi ya simu iliyobaki chaji asilimia 4.

Na kama una nafasi, rudi kesho yake asubuhi usimame nje ya uzio, sehemu inayoruhusiwa. Ndege za wageni zinaondoka moja moja kurudi makwao, hakuna mtangazaji wala msongamano, na baadhi ya marubani wakishapaa wanazitikisa mbawa kushoto kulia kuwaaga waliokuja. Vizibo bado uvae.