Mbwa Akigoma Gari Ghafla: Anzeni kwa Daktari, Si kwa Mwalimu wa Mbwa

Ndugu zangu mlioko Uingereza, hili nalisema mwanzo na nitalirudia: mbwa mtu mzima aliyezoea gari kwa miaka, akigoma kupanda bila sababu unayoiona, mpeleke kwanza kwa daktari wa wanyama. Kabla ya mwalimu wa mbwa. Hata kama mwalimu ana nafasi kesho na daktari ni wiki ijayo, hata kama jirani amemsifia huyo mwalimu mpaka basi.

Naandika nikiwa Ipagala, Dodoma. Nimesharudi nyumbani, lakini bado nauliziwa jambo hili na watu wa Kondoa na Mpwapwa wanaoishi Reading na Leicester, na wengi wananitafuta wakiwa wameshalipa.

Mbwa wangu anaitwa Uwele, ni labrador. Reading alikuwa ukitikisa funguo tu ameshafika kwenye buti. Alipotimiza miaka saba akaanza kusimama mbali na gari, mkia katikati ya miguu, anajilamba midomo, anapiga miayo ya mfululizo, mate yanamdondoka. Nilipotafuta msaada nikampata mtu aliyejitangaza kuwa mtaalamu wa tabia za mbwa. Alikuwa na fulana yenye nembo, gari lililoandikwa ubavuni, na anaongea kwa uhakika usioacha nafasi ya swali. Akasema mbwa amenipanda kichwani. Abebwe, afungiwe ndani ya gari, aendeshwe mpaka anyooke. Ikafanyika hivyo. Matokeo yake Uwele akaanza kuogopa hata sauti ya funguo, kisha mlango wa mbele, mwisho akawa hataki kutoka nje nikiwa nimevaa viatu.

Daktari alipompiga picha alikuta baridi yabisi kwenye nyonga zote mbili. Kila aliporuka kuingia kwenye buti aliumia, na kila kona na breki ikamtonesha. Mbwa alikuwa anakwepa maumivu, na sisi tulikuwa tunamlipa mtu amrudishe kwenye maumivu kwa nguvu.

Sasa usikilizeni mtego ulivyo. Uingereza, daktari wa wanyama analindwa na sheria ya mwaka 1966. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kutambua ugonjwa wa mnyama, na jina lake lazima liwe kwenye daftari la RCVS, chombo kinachosajili madaktari wa wanyama kule. Lakini mwalimu wa mbwa, au mtaalamu wa tabia za mbwa, anaweza kuwa mtu yeyote. Hakuna leseni ya serikali anayotakiwa kuwa nayo. Aliyesoma miaka mingi na aliyeanza juzi wanatumia jina lile lile na wanatoza bei zinazokaribiana. Ipo orodha ya ABTC, baraza la wataalamu wa tabia na mafunzo ya wanyama, ya waliopimwa ujuzi wao, lakini kujiunga nayo ni hiari. Sisi tumekulia kwenye nchi ambayo hata duka la dawa za mifugo linatakiwa kuwa na kibali, kwa hiyo ukiona fulana na nembo unadhani kuna ofisi nyuma yake iliyomkagua. Haipo. Muulize, kabla hajafika kwako, yuko kwenye orodha gani, kisha nenda ukamtafute humo mwenyewe.

Mtego haukuishia hapo. Nilipopeleka madai kwenye kampuni ya bima, jibu lilikuwa fupi: hakuna rufaa. Bima nyingi za kule zinazogharamia tiba ya tabia zinataka daktari awe ameandika rufaa kwanza, ndipo umwone mtaalamu. Rufaa mnaijua, kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya mkoa, mpaka Benjamin Mkapa. Kule nako mbwa ana rufaa, ila utakumbuka kuuliza siku madai yanapokataliwa. Ukimwona mwalimu kwanza halafu ukarudi kuomba barua, umechelewa. Nasema tena: daktari kwanza, barua mkononi, ndipo mtu mwingine yeyote.

Na kuna jambo la faili. Kila unachosema kliniki kinaandikwa, na bima wakipokea madai wanaomba faili zima. Ukisema leo mbwa anachechemea kidogo, ukanunua bima mwezi ujao, nyonga hiyo itahesabiwa kuwa ugonjwa wa zamani na haitalipiwa. Sisemi mfiche, maana atakayeumia ni mbwa. Nasema bima inunuliwe mbwa akiwa mzima, na baada ya ugonjwa kuonekana msihame kampuni kwa kufuata bei nafuu. Walio kwenye misaada ya serikali waulize PDSA, shirika la hisani linalotibu wanyama bure au kwa gharama ndogo.

Kwenye kundi la ukoo WhatsApp maneno yalikuwa mengi. Baba mdogo wa Kongwa aliuliza mbwa anapandishwa gari aende wapi, amfunge kamba amvute yaishe. Baba mdogo, shikamoo, na nakuelewa. Huko kwetu afisa mifugo wa kata ndiye anayekuja, na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa watoto wanawapeleka mbwa kwa miguu hadi chini ya mti. Kule daktari yuko kliniki na safari ni ya gari, kwa hiyo mbwa anayeogopa gari amejifungia mlango wa matibabu. Wapo madaktari wanaokuja nyumbani kwa malipo ya ziada, na kwa mbwa aliyefikia hali ya Uwele pesa hiyo inastahili. Dada yangu naye alishauri nimpe dawa zetu za maumivu. Hapana, dada. Ibuprofeni na diklofenaki zinaharibu tumbo na figo za mbwa, na Panadol si ya kumpa bila daktari kuagiza.

Waingereza wanawapenda mbwa kwa dhati, nimeliona hilo. Jirani aliyenipita kimya miaka miwili alianza kunisalimia siku niliyotoka na mbwa, na alijua jina la Uwele kabla ya langu. Lakini jamii inayompa mbwa nafasi kwenye kochi na kwenye baa, huku ikimwachia yeyote kuuza ushauri juu yake, imeacha kazi nusu. Mgeni ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu hana shangazi wala rafiki wa zamani wa kumwambia fulani mkwepe.

Hatua zenyewe ni chache. Daktari akague nyonga, viwiko, mgongo na masikio, na umuulize kuhusu kichefuchefu cha safari. Maropitanti ni dawa yake na yeye ndiye anayeiandika. Chunguza na gari lenyewe: je, kuna king'ora kipya kinacholia ukivuka mstari, au kulitokea breki ya ghafla? Maumivu yakitibiwa hofu hubaki, msishangae. Hapo ndipo mwalimu mwenye rufaa anafaa. Gari lizimwe, milango iwe wazi, mbwa ale vipande vya kuku karibu nalo na aondoke akitaka. Akizoea, ale ndani. Kisha injini iwashwe bila kwenda popote, kisha safari fupi ya kwenda kwenye bustani anayoipenda. Akianza kutetemeka, rudini hatua moja. Kumfariji hakumdekezi, mshikeni. Mwekeeni ubao wa kupandia ili asiruke. Barabarani afungwe mkanda wake au awe kwenye kreti, kanuni ya 57 ya Highway Code, kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza, inataka hivyo.

Wanaopanga kurudi naye, chanjo, cheti cha afya na kibali cha Wizara ya Mifugo vianzeni mapema. Kama kuna uwezekano wa kumrudisha Uingereza, kumbukeni kipimo cha damu cha kichaa cha mbwa: damu itolewe angalau siku 30 baada ya chanjo, kisha msubiri miezi 3.

Kwa Dodoma, safirini alfajiri. Matuta ya barabarani yanaitesa nyonga mbovu, kwa hiyo dereva aambiwe kabla, na apunguze mwendo kweli. Gari lililoegeshwa juani Majengo linakuwa tanuri ndani ya dakika chache, msimwache humo hata mkiingia dukani mara moja. Na ndugu watakaopokea wageni, zabibu za Hombolo wapeni watu. Mbichi au kavu, zabibu zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna anayeweza kukwambia mbwa wako atavumilia ngapi. Mtoto akimrushia moja ili apande gari, usisubiri dalili, mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Zawadi ya mafunzo iwe dagaa mkavu asiye na chumvi, sokoni wapo tele.