Jinsi ya kusoma grafu za delta smelt bila kuingizwa mjini

Kuna samaki mdogo wa California anaitwa delta smelt, urefu wake kama sentimita 5 hadi 7 hivi, ukimchanganya kwenye fungu la dagaa hutamjua haraka mpaka umnuse, maana ananukia tango, na hapo sitanii. Duniani kote anapatikana sehemu moja tu, kule mito ya Sacramento na San Joaquin inapokutana na kuanza kuchanganyika na maji ya chumvi ya ghuba ya San Francisco. Shida ni kwamba maji anayoishi ndo hayohayo yanayovutwa na mapampu kwenda mashambani na mijini, kwa hiyo kila mtu ana grafu yake ya kumtetea au kumponda, na Januari 2025 Los Angeles ilipokuwa inaungua hata Trump akamtupia lawama huyu samaki, eti maji yanazuiwa kwa ajili yake. Sasa we ukirushiwa grafu usishangilie wala usibishe kwanza, anza hivi.

Uliza wavu gani. Yani kabla hujauliza samaki wangapi, uliza walivuliwaje. Grafu maarufu kuliko zote inatoka kwenye utafiti unaoitwa Fall Midwater Trawl, unafanywa na idara ya samaki na wanyamapori ya California tangu 1967, karibu kila mwaka, Septemba mpaka Desemba. Boti inafika kwenye kituo, inashusha wavu wenye mdomo wa karibu mita 3.7 kwa 3.7, inaburuta dakika 12 huku wavu ukipandishwa taratibu kutoka karibu na chini mpaka juu, alafu wanamwaga walichopata, wanahesabu na kupima, wanaenda kituo kinachofuata. Vituo ni zaidi ya 100. Ukiangalia huo wavu kwa karibu matundu ya mdomoni ni makubwa na yanapungua kadri unavyoenda mkiani, kule mwisho yanabaki kama sentimita 1.3, na samaki mwembamba wa sentimita 5 anaweza kuponyoka kabla hajafika mkiani. Na wala haukutengenezwa kwa ajili ya smelt, ulikuwa wa kufuatilia watoto wa striped bass, samaki wa kuvuliwa kwa starehe aliyeletwa toka mashariki ya Marekani. Smelt alikuwa anaingia tu kama abiria. Hilo likae kichwani mpaka mwisho.

La pili, ile namba sio idadi. Watu wanasema "mwaka 2015 walibaki samaki 7", hapana jamani, 7 ni indeksi. Wanaichakata hivi: maji yote yamegawanywa maeneo 14, kila mwezi wanachukua wastani wa samaki kwa kila mburuto katika eneo, wanauzidisha na namba inayowakilisha ujazo wa maji wa eneo hilo, wanajumlisha maeneo yote, alafu wanajumlisha miezi minne. Tuseme eneo moja wamepata wastani wa samaki 2 kwa mburuto na namba ya ujazo wa eneo ni 10, hilo linachangia 20 kwa mwezi huo hata kama waliotua kwenye boti ni wachache kuliko hapo. Kwa hiyo indeksi inalinganisha mwaka na mwaka, basi, haikwambii mtoni kuna wangapi. Mtu akiitumia kama sensa achana naye.

Alafu angalia grafu inaanzia wapi, hapa ndo ujanja mwingi unafanyika. 1970 indeksi ilikuwa 1,673. 1999 ilikuwa 864. 2010 ilikuwa 29, 2011 ikaruka mpaka 343, 2012 ikarudi 42. Mtu anayetaka kukuonyesha mambo yanapona anakukatia kipande cha 2010 na 2011, anayetaka kukuogopesha anaanzia 1970 anashuka moja kwa moja kama vile katikati hakukuwa na kupanda na kushuka. We dai mfululizo wote, na ukiupata ukumbuke 1974 na 1979 utafiti haukufanyika, ukiona mstari umepita hapo bila kukatika ujue mtu kaunganisha tu.

Hiyo ruka ya 2011 isikuchanganye. Delta smelt wengi wanaishi mwaka mmoja tu, wanaanguliwa masika ya kule, wanakua kiangazi, mvua za baridi zikianza na maji kuwa na tope wanapanda mto kuelekea juu, wanataga, wanakufa. Mwaka mmoja mbaya ukipita hakuna wazee wa kubeba ukoo, na mwaka mzuri ukija (2011 maji yalikuwa mengi sana) wanafumuka haraka. Ndo maana mwaka mmoja haukwambii kitu, chukua wastani wa miaka mitano hivi, na kama unachora mwenyewe kwenye Excel tumia skeli ya logi, ile ambayo kila hatua ni kuzidisha (1, 10, 100, 1,000) badala ya kujumlisha. Kwenye skeli ya kawaida 28 ya 2007 na 7 ya 2015 zote zinaonekana zimelala chini sawasawa kwa sababu 1970 imebana grafu nzima, kumbe kati ya hizo mbili robo tatu imeyeyuka. Kitu kimoja, logi haipokei sifuri, na sifuri zinakuja.

Kabla ya kutafuta mchawi angalia majirani. Kuanzia kama 2002 smelt hakuporomoka peke yake, walianguka pamoja na longfin smelt, watoto wa striped bass na threadfin shad. Samaki wanne tofauti wakianguka kipindi kimoja, jibu la "ni mapampu tu" au "ni ukame tu" linakuwa jepesi mno. Mapampu yamo, kweli, yanavuta samaki na kubadili mkondo wa maji. Lakini kuna chaza mdogo kutoka Asia aliyeonekana pale 1986 akaanza kuchuja na kumaliza chakula majini, kuna magugu ya kigeni, na maji yenyewe yamekuwa meupe kuliko zamani, wakati smelt anapenda maji ya tope, ndo anakula vizuri na kujificha humo. Na maji meupe yana kesi nyingine, samaki anaweza kuuona wavu akaukwepa, yani sababu hiyohiyo inaweza kupunguza samaki na pia kupunguza uwezo wako wa kuwaona.

Sasa sifuri. Tangu 2018 ule utafiti umekuwa ukitoa sifuri mwaka baada ya mwaka. Mtu atakwambia samaki kaisha, kwa nini tunamwachia maji. Sifuri hapa maana yake wamekuwa wachache kiasi kwamba wavu ule, kwenye vituo vilevile, hauwezi kuwakuta. Hamia kwenye utafiti mwingine, ule wa serikali kuu unaitwa Enhanced Delta Smelt Monitoring ulioanza mwishoni mwa 2016, wenyewe wanachagua vituo kwa bahati nasibu, wanarudia mburuto, na wanatoa makadirio yenye kiwango cha chini na cha juu. Soma vyote viwili, usichukue namba ya katikati ukakimbia nayo, maana kwa samaki adimu hivi pengo kati ya chini na juu ni kubwa sana.

Na ukisoma data za kuanzia Desemba 2021 ongeza swali moja: huyu aliyekamatwa ni wa mtoni au wa kufugwa? Chuo cha UC Davis kina kituo Byron kinachotunza ukoo wa hawa samaki tangu 2008, na Desemba hiyo ndo walianza kuwaachia mtoni, wakiwa na alama. Tafuta safu ya alama kwenye jedwali. Kama mtu amejumlisha wote pamoja grafu yake itaonyesha nafuu ambayo imetoka kwenye matenki.

Mwisho usichanganye yote haya na hesabu ya samaki wanaookolewa kwenye vichujio vya mapampu. Ile inapanda na kushuka kulingana na maji yaliyovutwa siku hiyo, na vitoto vilivyo chini ya milimita 20 havihesabiwi kabisa, kwa hiyo ukiona sifuri pale wala usiandike kwamba hakuna aliyevutwa.